Ukuta wa Vidole Viwili

Kwenye kazi ya filamu kuna watu wanaopigiwa makofi, na kuna watu wanaokumbukwa siku mambo yakiharibika tu. Daftari alikuwa wa kundi la pili. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kikombe kilichoshikwa kwa mkono wa kulia hakihamii ghafla mkono wa kushoto, maana tukio moja hupigwa vipande vipande, pengine kwa siku mbili tatu, na mtazamaji anatakiwa aamini kwamba ni dakika moja tu imepita. Aliandika kila kitu: vifungo vingapi vimefungwa, maji ya glasi yamefika wapi, nywele zimeangukia upande gani. Jina alilopewa na mamake lilikuwa zuri tu, lakini tangu aanze kutembea na lile daftari la jalada jeusi, hakuna aliyekuwa na haja nalo.

Alikuwa na donda moyoni. Katika filamu iliyotangulia, mwigizaji mmoja alitoka hospitalini na bandeji mkono wa kushoto, akafika nyumbani ikiwa mkono wa kulia. Daftari alikuwa na homa kali siku hiyo, lakini nani atakusikiliza? Ukumbi mzima uliangua kicheko, tena kwenye tukio la msiba. Kwa miezi minane hakuna aliyempigia simu. Aliyemrudisha kazini ni mjomba wake, kaka wa mamake, mpiga picha mkongwe, aliyesema wazi kwamba kama mpwa wake hachukuliwi, basi na yeye hashiki kamera. Akachukuliwa, ila kwa sharti. Mwenye filamu, bwana mmoja asiyeweza kumaliza sentensi bila kutaja muda hata watu wakamwita Bwana Muda, alimwambia mbele ya wote, "Dada, sina muda wa makosa. Kosa lako la kwanza ndilo la mwisho."

Kwa kuwa Daftari alimwita Mjomba, wote pale kazini wakamwita Mjomba, hata fundi umeme aliyemzidi umri. Na huyu Mjomba tusimpite juu juu. Alikuwa mwembamba, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na ukikutana naye njiani ungedhani anakwenda kununua sindano. Lakini mpe kamera. Kuna filamu yake moja kuhusu mwizi, ambayo Daftari aliiona akiwa msichana na haikumtoka kichwani. Kila mwizi yule alipotokea, palikuwa na kitu mbele yake: nondo za dirisha, miguu ya viti, nguo zilizoanikwa, mvua kwenye kioo. Saa nzima na zaidi humwoni mzima mzima hata mara moja. Kisha akaketi mbele ya mamake akasema, "Ni mimi niliyechukua," na hapo kamera ikamtazama bila kizuizi chochote, uso mtupu na ukuta mweupe nyuma yake. Watu walilia. Ukiwauliza kilichowaliza watakwambia ni yale maneno. Maneno gani? Yalikuwa matatu tu. Walilia kwa sababu ndiyo mara ya kwanza walikuwa wamemwona.

Daftari aliwahi kumwuliza, "Mjomba, ulijuaje kufanya vile?"

"Sikujua lolote," Mjomba alimjibu. "Nilikuwa naona haya kumkodolea macho mtu anayejificha. Alipoacha kujificha, na mimi nikasogea."

Filamu ya safari hii ilikuwa ya mume na mke, chumba kimoja, miaka kumi. Mume hapigi, hatukani, halewi. Ni bwana mstaarabu anayeomba vitu vidogo vidogo. Leo anaomba mkewe asiimbe asubuhi, kichwa kinamwuma. Mwaka unaofuata anaomba aache ushonaji, kisha asiende mno kwa dadake, kisha dada naye asije. Kila ombi linatolewa kwa sauti ya chini, na kila mara mke anajibu, "Haya." Hakuna mahali popote kwenye muswada paliposemwa kwamba mwanamke huyu anakosa pumzi. Mwongozaji, mwanamke kijana mwenye sauti ya kukwaruza, alikuwa ameyafuta maneno yote ya namna hiyo kwa mkono wake.

"Mtu akilisema tu, limekufa," alimwambia Mjomba. "Lionyeshe wewe."

Mjomba akalala nalo siku tatu, akaja na jibu. Chumba chenyewe kilikuwa cha kujengwa, ndani ya ghala kuukuu: kuta tatu za mbao nyembamba zilizopakwa rangi, na upande wa nne uko wazi kwa ajili ya kamera. Ukuta wa nyuma, wenye rafu ya vyombo iliyopigiliwa, aliuomba uwekewe magurudumu ili uweze kuteleza katikati ya zile kuta mbili za pembeni. Matukio yangepigwa kwa mpangilio wa hadithi, tangu mwaka wa kwanza wa ndoa hadi wa kumi. Kamera isingeondoka mahali pake, wala lenzi isingebadilishwa. Ila kila jioni, watu wakishakwenda zao, Mjomba angezunguka nyuma ya ukuta ule na kuusukuma mbele kwa vidole viwili. Siku ishirini, vidole arobaini. Hakuna jicho ambalo lingeona chumba kinapungua, lakini kifua cha mtazamaji kingejua.

Hakumwambia mtu ila Mwongozaji. Hata mwigizaji wa kike hakuambiwa. "Akijua, ataigiza kubanwa," Mjomba alisema. "Mimi nataka abanwe kweli."

Nakwambia, nimesikia mbinu nyingi za watu wa kamera, na nyingi ni mbwembwe tupu, kuzungusha kamera hewani mpaka mtazamaji ashikwe na kizunguzungu. Hii ilikuwa mbinu ya mtu anayemheshimu anayetazama. Ilikuwa na tundu moja tu, na tundu lenyewe lilikuwa linafika kazini kabla ya wote, na futi ya kupimia mfukoni.

Maana Daftari, tangu ile aibu ya bandeji, alikuwa amejiwekea utaratibu. Saa kumi na mbili asubuhi yuko ghalani peke yake. Anapima kitanda kiko umbali gani na mlango, meza na dirisha, rafu na fremu ya mlango, analinganisha na alichoandika siku ya kwanza. Asubuhi ya pili tu akakuta ukuta wa nyuma umesogea mbele. Sentimita tatu na nusu. Akaguna. Akadhani ni wafagiaji, wanaegemeza mifagio yao nyuma ya ukuta wenye magurudumu kama vile ni ukuta wa kwao. Akazunguka, akausukuma ukarudi pale pale pa siku ya kwanza, akapima mara mbili, akaridhika. Asubuhi ya tatu, umesogea tena. Akaurudisha. Aliwauliza wafagiaji, wakaapa kwa Mungu wao. Hakutaka kumchongea mtu, tena moyoni aliona raha fulani kwamba kuna kosa linalozaliwa kila siku na yeye analizika kila siku kabla hata chai haijachemka. Basi akanyamaza, akafanya hivyo kila asubuhi.

Sasa fikiria. Jioni mzee anasukuma vidole viwili mbele, asubuhi mpwa wake anasukuma vidole viwili nyuma. Kila mmoja kwa bidii, kwa siri, kwa mapenzi ya kazi yake. Chumba kikabaki vile vile.

Utauliza, mpiga picha wa miaka yote hiyo alikosaje kuona? Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyechagua kipimo kisichoonekana. Hakutumia futi, alitumia vidole vyake, anauanzia ukuta pale ulipo na kusogeza kidogo. Na tena, alipochungulia kwenye kamera alikiona chumba kinabana, kwa sababu alijua kinabana.

Siku ya kumi na mbili, baada ya chakula cha mchana, Bwana Muda aliita watu wa kazi, wasiokuwa waigizaji, kwenye chumba kidogo cha kutazamia picha. Alikuwa amesikia kwamba mzee anapoteza nusu saa kupanga taa kwa ajili ya picha ya dakika moja, na kwamba eti siku hizi macho yake hayamsaidii. Mwongozaji, aliyetaka kumfunga Bwana Muda mdomo, alikuwa ameunganisha picha pana, zile zinazoonyesha chumba chote, tangu ya siku ya kwanza hadi ya siku ile. Mjomba akasimama mbele ya wote, amevua kofia, anang'aa kama bwana harusi.

"Mpaka leo nilinyamaza," alisema. "Kila jioni nimekuwa nikiusukuma ukuta wa nyuma mbele kwa vidole viwili. Msitazame kingine. Tazameni jinsi chumba kinavyommeza huyu mama."

Taa zikazimwa. Picha zikapita, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mke anashona, mke ameacha kushona. Zikaisha. Mwongozaji akaomba zirudiwe, zikarudiwa.

"Mimi naona ukuta," hatimaye Bwana Muda alisema. "Umesimama. Kuta zote husimama, Mzee."

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mjomba akausogelea ukuta uliomulikwa picha, akaweka vidole vyake kati ya rafu na fremu ya mlango kwenye picha ya kwanza, akahesabu. Akaomba ya mwisho, akahesabu tena. Ilikuwa sawasawa. Akabaki ameuinua ule mkono, kivuli chake kimemwangukia mwigizaji usoni.

Daftari, kwenye safu ya nyuma, alikuwa ameelewa tangu aliposikia "vidole viwili." Asubuhi kumi na moja! Akafungua kinywa. Kisha akaiona ile bandeji, akasikia ule ukumbi unacheka, akaona miezi minane ya simu isiyolia. Tuseme ukweli, mimi nampenda lakini siwezi kumficha: alikifunga kinywa.

"Mzee wangu," Bwana Muda alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko tusi, "umefanya kazi kubwa maishani mwako. Nenda nyumbani ukapumzike. Kesho msaidizi wako atashika kamera."

Watu wakatawanyika bila kutazamana. Daftari alimkuta mjomba wake ghalani, ameketi kwenye kitanda cha maigizo, ameweka mita yake ya kupimia mwanga juu ya mto, tayari kumwachia msaidizi. Viganja vyake alikuwa amevigeuza juu, anavitazama.

"Nakumbuka ubaridi wa mbao," alisema. "Nakumbuka gurudumu moja linalolia. Kila jioni, mama. Lakini pengine sikusukuma. Pengine nilikusudia tu, nikaenda nyumbani nikiamini nimefanya." Akavifumba vile viganja. "Bibi yako alianza hivi hivi. Anaapa ameshapika, na jiko halijawashwa. Mwaka uliofuata hakunijua mimi mwanawe."

Hapo Daftari hakuwa na pa kusimama. Kumwona mtu akiondolewa kazini kwa kosa lako ni kitu kibaya sana. Kumwona anaanza kuiogopa akili yake mwenyewe kwa sababu wewe umebana mdomo, hicho hakivumiliki.

"Ulisukuma, Mjomba," alisema. "Kila jioni ulisukuma. Mimi ndiye niliyekuwa naurudisha."

Mjomba akainua uso.

"Kila asubuhi," Daftari aliendelea, machozi yanamtoka. "Nilidhani ni wafagiaji. Nilikuwa pale kwenye picha, nikajua, nikanyamaza. Niliogopa. Nisamehe."

"Ngoja," Mjomba alisema taratibu. "Uliona lini?"

"Asubuhi ya pili."

"Ya pili? Vilikuwa vidole viwili tu!"

"Sentimita tatu na nusu."

Mjomba akamtazama kitambo, kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Daftari akadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akavua miwani, mpaka gurudumu la ukuta likalia kwa jinsi alivyouegemea. "Siku tatu," alisema akihema, "siku tatu nimetafuta kipimo ambacho hakuna binadamu atakayekiona. Nikamjaribu Mwongozaji, hola. Nikamjaribu fundi aliyeujenga ukuta wenyewe, hola! Na wewe unakiona kabla hujanywa chai, tena unakirudisha mahali pake! Mpwa wangu, wewe ni hatari." Akajifuta macho. Kicheko kikamwisha. "Kwa hiyo sijaanza kusahau."

"Hujasahau hata kidole kimoja, Mjomba."

Mzee akashusha pumzi ndefu, na Daftari akamwona anarudi polepole kuwa yule mtu anayemjua. Kisha akamshika bega. "Sasa sikiliza. Hatumwambii mtu. Tutasema sakafu imeinama, magurudumu yalikuwa yanarudi yenyewe."

"Sakafu haijainama," Daftari alisema. "Nimeipima."

"Mama, atakufukuza."

"Najua. Lakini watu wote wale wamekuona umeshika ule ukuta wa picha. Sitaki hata mmoja abaki anadhani ni wewe."

Akapiga moyo konde, akaenda. Bwana Muda alikuwa na Mwongozaji na wengine watano sita, wanapanga namna ya kuendelea na msaidizi. Daftari aliwaeleza yote wamesimama pale pale, bila kujitetea, hata lile la kunyamaza hakulificha.

"Kwa hiyo ni kosa," Bwana Muda alisema.

"Ndiyo."

"La kwanza."

"Ndiyo."

"Basi acha daftari mezani."

Daftari akaliweka. Mwongozaji, ambaye macho yalikuwa yamemtoka pima, akalichukua kabla halijatulia. "Ngoja kwanza," alisema kwa sauti yake ya kukwaruza. "Picha za karibu hazina tatizo, ukuta hauonekani. Zilizoharibika ni picha pana kumi na moja. Tukizirudia hizo tu, filamu ya Mjomba imepatikana. Lakini zifanane na zile za karibu, kila nywele. Siku ya tano mke alifunga vifungo vingapi? Nani anajua?"

Hakuna aliyejua. Bwana Muda akampokonya lile daftari, akalifungua mwenyewe, akaligeuza juu chini, akaligeuza tena. Mwandiko ulikuwa wa Daftari peke yake, mishale na herufi za kujitungia. Akashusha pumzi kama mtu anayeng'olewa jino.

"Siku moja," alisema. "Kesho. Jua likitua na hazijatimia kumi na moja, mtaondoka pamoja, wewe na mjomba wako. Na ole wenu mkinipotezea muda."

Kulipopambazuka, Daftari alifanya kitu ambacho hajawahi kukifanya: aliishika mikono ya mjomba wake na kuvipima vidole vyake kwa futi. Akachora mistari kumi na moja ya chaki sakafuni, nyuma ya ukuta, kwenye njia ya magurudumu, kila mmoja na nambari yake. Kisha wakaanza.

Laiti ungekuwapo. Watu huona filamu imekwisha wakadhani imejimwaga tu kama maji. Siku ile mwigizaji alipita miaka sita kwa saa kumi. Daftari anasoma, watu wanakimbia: "Siku ya pili, kifungo cha juu kiko wazi, shanga zimelala kushoto, glasi imejaa hadi kwenye ua lililochorwa." Kamera inawashwa, Mwongozaji anasema imetosha, na kabla hajafunga mdomo Daftari ameshazunguka nyuma ya ukuta, anasukuma mpaka mstari unaofuata. "Siku ya tatu, nywele nyuma ya sikio, mkasi umefunguka." Mwigizaji alidhani ni marudio ya kawaida tu, maana hakuambiwa lolote. Mjomba, ambaye watu walimwona mzembe wa kupanga taa, sasa alikuwa haonekani kwa mbio. Kila ukuta uliposogea, kivuli cha rafu kilibadilika, na yeye alikirudisha mahali pake kwa kusogeza taa kiasi cha kiganja. Daftari alikuwa amefanya naye kazi mara nyingi, lakini hakuwahi kutambua ni mangapi mzee huyu anayaficha ili lionekane moja. Alimwonea fahari hata akasahau kwamba wote wawili wako kwenye maji ya shingo.

Kufika picha ya nane, mwigizaji alianza kujipepea. "Hivi nyie mmezima feni?" aliuliza. Feni ilikuwa haijazimwa. Picha ya tisa alijikwaa kwenye kona ya meza ambayo haikuwa imesogezwa hata kidogo. Akaomba radhi, na hakuna aliyemweleza.

Picha ya kumi na moja ilianza mwanga wa machweo ukiwa umeshafika kwenye tundu moja la bati la paa. Bwana Muda alikuwa amesimama mlangoni, anatazama saa yake. Hakukuwa na nafasi ya kurudia. Tukio lenyewe lilikuwa jepesi: mume anaomba mke aache kusimama dirishani, watu wanamwona, na mke anajibu "Haya," anageuka kuchukua kikombe kwenye rafu. Akageuka. Kiwiko kikagonga rafu. Vyombo vikalia. Hilo halikuwamo kwenye daftari. Siku ya kumi na mbili palikuwa na nafasi tele. Mwigizaji akakishika kikombe kisianguke, kisha, badala ya kumgeukia mume, akautazama ukuta. Akaunyoshea mkono, akaugusa kwa ncha za vidole, kama mtu anayehakikisha kitu.

Mkono wa Daftari ulikuwa umeshainuka kusimamisha kamera. Hicho ndicho alicholipwa kukifanya, na kosa lilikuwa wazi. Akamtazama mjomba wake. Mjomba hakuwa amejitikisa, jicho liko kwenye kamera, hapumui. Daftari akaushusha mkono, akaandika: kiwiko, kikombe, ukuta.

"Imetosha," Mwongozaji alisema.

Siku mbili baadaye walikaa tena kwenye kile chumba kidogo, watu wale wale. Safari hii Mjomba hakusimama kueleza. Alikaa nyuma karibu na mpwa wake, kofia magotini. Picha zikapita, za karibu na pana zikiwa zimeunganishwa, sasa zikiwa hadithi. Mke anashona na kuimba, ana nafasi ya kuzungusha kitambaa. Mke haimbi. Mke anapita kati ya kitanda na meza. Mke anapita upande upande. Hakuna aliyeambiwa atazame nini. Mume alikuwa mpole tangu mwanzo hadi mwisho, na kila alipofungua mdomo watu walijivuta kwenye viti vyao. Zilipofika picha za mwisho, Bwana Muda alilegeza tai, akafungua kifungo cha shati.

"Jamani, fungueni dirisha," alisema.

"Liko wazi," mtu akamjibu.

Kiwiko kikagonga rafu, mkono ukaugusa ukuta, picha ikaisha. Taa hazikuwashwa mara moja. Bwana Muda alibaki kitini, mtu ambaye kwa kawaida angekuwa ameshasimama. Kisha akamgeukia Mjomba.

"Kesho mnaanza saa ngapi?" aliuliza.

"Saa moja," Mjomba alisema.

"Nyote wawili?"

"Sisi wote wawili."

Bwana Muda akakubali kwa kichwa, akatoka bila kuitazama saa yake. Mwongozaji alikuwa analia waziwazi, hana habari na mtu. Mjomba akavaa kofia, akamwinamia mpwa wake na kumnong'oneza, maana hata baada ya yote bado alikuwa na wasiwasi wa fundi.

"Wewe ndiye mwenye jicho. Niambie bila kunionea huruma: ule ukuta unaonekana ukisogea?"

Daftari akafungua daftari lake. Ukurasa ulikuwa mweupe, hakuwa ameandika hata neno.

"Sijui, Mjomba," alisema. "Sikuuona ukuta. Nilikuwa namwangalia yule mama."

Mjomba akavua tena kofia. Akamshika mpwa wake mkono, wakabaki wameketi pale mpaka mtu alipokuja kufunga chumba.